Ngozi Isiyohisi Nayo Ni Amana

Sisi tuliopita chuoni huku pwani tumefundishwa tangu wadogo kwamba maradhi ya muumini hayapotei bure. Homa, huzuni, uchovu, hata mwiba unaomchoma mtu njiani, vyote ni kafara. Kwa maumivu hayo Mwenyezi Mungu humfutia mja wake baadhi ya makosa. Nimekua na mafundisho haya, nimeyasomesha kwa kina mama wenzangu katika darsa letu hapa Ngamiani, Tanga, na ninayaamini mpaka leo. Lakini tangu nilipoondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani, nina swali ambalo kabla ya hapo halikuwahi kunipitia akilini. Mwiba ukichoma na usiume, tuseme nini?

Swali hili sikulitoa kitabuni. Mimi ni fundi cherehani, na mafundi wa kike wengi tuna mazoea mamoja: tunapomrekebishia mteja nguo mwilini, pini tunazichomeka kifuani mwa nguo zetu wenyewe, upande wa kushoto, ili mkono wa kulia uzichomoe kwa wepesi. Jeraha langu lilipofunga na daktari akaniruhusu kurudi kazini, nilirudi na mazoea yangu. Siku moja nilikuwa nimepiga magoti nikipunguza pindo la gauni la bibi harusi. Yule binti akaniangalia kutoka juu, akasema, "Mama, mbona unatoka damu?" Nikajitazama. Kwenye dera langu jeupe palikuwa na doa jekundu lililozidi ukubwa wa kifungo. Pini ilikuwa imepenya dera, ikapenya sidiria na pamba iliyokuwa ndani yake, ikazama kwenye ngozi kando ya kovu. Niliichomoa nikiitazama inavyotoka, na hata wakati wa kuichomoa sikuhisi kitu. Binti wa watu ndiye aliyekunja uso kana kwamba pini ilikuwa yake.

Usiku ule nililala na swali. Chuma kimeingia mwilini mwangu, damu imetoka, na mimi mwenye mwili sina habari. Kama malipo ya mwiba yamo katika kuuma kwake, basi hapa sina changu. Na kama malipo hayamo katika kuuma, basi mambo mengi niliyokuwa nikiyasema kwenye darsa, na mengi niliyokuwa nikiambiwa kitandani, yanataka kutazamwa upya.

Kwanza nieleze hali yenyewe, kwa sababu ndugu zetu wengi hawaijui, na wagonjwa wengi huingia ndani yake bila kuandaliwa. Juu ya kifua, kati ya mbavu, hutokea mshipa wa fahamu unaovuka kwapa na kuishia kwenye ngozi ya upande wa ndani wa mkono, juu ya kiwiko. Daktari wa upasuaji anapoondoa tezi za kwapani ili ijulikane kama saratani imefika huko, mshipa huo unakuwa katikati ya kazi yake. Mara nyingine huvutwa tu, mara nyingine hukatwa. Ukivutwa, unaweza kupona taratibu. Ukikatwa, ngozi iliyokuwa ikiutegemea hufa ganzi, na huenda ganzi hiyo isiondoke. Mishipa ya fahamu huota tena, lakini kwa mwendo wa takriban milimita moja kwa siku, na mingine haifiki ilikokuwa ikienda. Kifuani nako, pale titi lilipokuwa, vijishipa vidogo vya ngozi hukatwa pamoja na nyama yenyewe. Daktari hafanyi hivyo kwa uzembe. Anatafuta ugonjwa, na ugonjwa umejificha humo humo.

Ajabu ya hali hii ni kwamba ganzi na maumivu hukaa mahali pamoja. Ukinigusa kwa kidole ubavuni karibu na kovu, kidole chako sikihisi. Chini ya ngozi hiyo hiyo, nyumba ikishatulia usiku, panawaka. Kuna siku panavuta kutoka kifuani mpaka kiwikoni, hata kunyoosha mkono nichukue kikombe ni kazi. Kuna siku ni vichomi vinavyokuja na kuondoka bila mpango. Na kuna siku chuchu ambayo haipo inawasha, kama siafu wanaopanda. Mkono unakwenda kukuna na kukuta kitambaa. Mara ya kwanza hali hiyo iliponitokea nilikaa kitandani nikasoma kinga, nikidhani nimechezewa. Baadaye nilielezwa kwamba ubongo umeishi na kiungo hicho miaka yote, na bado unakitafuta hata baada ya kukatwa. Waliokatwa miguu wanaijua habari hii vizuri.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, ndiye aliyenionyesha kwamba siko peke yangu. Kuna uchunguzi uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2009, uliowahusisha wanawake zaidi ya 3,000 waliofanyiwa upasuaji wa saratani ya matiti. Miaka miwili hadi mitatu baada ya upasuaji, asilimia 47 walikuwa bado na maumivu, na asilimia 58 walikuwa na mabadiliko ya hisia, ganzi ikiwemo. Karibu nusu ya wanawake, katika nchi yenye hospitali nzuri na dawa tele. Nilipomaliza kusoma nililia, na kilio kile kilinipa nafuu, maana wiki nyingi nilikuwa nikijiuliza ni kosa gani kubwa nililolitenda hata niendelee kuadhibiwa baada ya kuwa nimeshatoa kiungo changu. Mabibi wale wa Denmark sidhani kama wote walitenda kosa moja na mimi.

Wageni waliokuja kunijulia hali walikuja na machungwa ya Muheza, na mikate ya kumimina, na neno moja: subira. Wote waliniombea heri, na nawashukuru. Lakini neno hilo likirudiwa mara nyingi juu ya kichwa cha mgonjwa, huanza kumziba mdomo. Nikisema "panauma", naambiwa nisubiri. Nikisema "sikulala", naambiwa wenye kusubiri wana malipo yasiyo na hesabu. Mzee mmoja wa ukoo wetu alinisimulia kisa cha Urwa bin Zubeir, mwanachuoni wa Madina, mpwa wa Bibi Aisha, ambaye mguu wake ulioza ikabidi ukatwe. Inasimuliwa kwamba alipewa kinywaji cha kumpoteza akili asihisi msumeno, akakikataa, akakatwa akiwa macho huku ulimi wake ukimtaja Mola wake. Mzee alikisimulia kisa kwa machozi, na mimi nilikisikiliza kwa machozi. Kisha akaongeza kwamba vidonge vilivyo juu ya stuli pale kando ya kitanda vingefaa vipunguzwe, ili nisijikoseshe fungu langu.

Nilimjibu, "Nimekusikia, babu," kwa sababu hivyo ndivyo mkubwa anavyojibiwa. Lakini nilipobaki peke yangu nililipima neno lake. Urwa alichagua kwa ajili ya mguu wake mwenyewe, na kisa kinavyosimuliwa, alihofia kupotewa na akili ya kumkumbuka Mungu. Hakumwamuru mtu mwingine afanye vile, na wala kisa hakisemi kwamba anayepunguziwa maumivu amepungukiwa imani. Ushujaa wa mtu mmoja unaweza kutufundisha mapenzi yake kwa Mungu bila kugeuzwa kuwa sheria juu ya kitanda cha mwanamke aliyetoka kwenye chumba cha upasuaji.

Nikarudi kwa mitume, maana wao ndio wakubwa wa subira. Nabii Ayub alimlalamikia Mola wake kwamba madhara yamemgusa. Habari hiyo imo katika Suratul Anbiyaa. Na alipojibiwa, kama tunavyosoma katika Surat Swaad, aliamriwa apige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuogea na ya kunywa. Mwenyezi Mungu angeweza kumwondolea ugonjwa bila sababu yoyote, lakini alimpa kitu cha kutumia, na Ayub akakitumia. Hakusema ngoja kwanza nichume thawabu zaidi. Nabii Yaqub alimlilia mwanawe Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe. Bibi Aisha alilalamika kichwa kinamuuma, na Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, akamjibu kwa kulalamikia chake pia. Homa ilipompanda Mtume, masahaba walisikia kutoka kwake kwamba inamshika kwa ukali zaidi ya inavyowashika watu wengine. Hawa wote waliumwa wakasema wanaumwa, na hawa ndio tunaotolewa mfano. Kwao sijaona subira ya kujifanya mzima.

Ninalisema hili kwa mkazo kwa sababu niliona madhara yake kwa macho. Wodini, kitanda cha pili kutoka changu, alilala mama mmoja wa Korogwe, mcha Mungu kwelikweli, aliyekuwa akivificha vidonge vya maumivu chini ya mto. Muuguzi akipita anavipokea na kushukuru, akiondoka anavisukuma chini ya foronya. Nilimuuliza kwa nini. Akaniambia, "Dada yangu, nimechelewa kutubu, acha yaniume yaniishie hapa hapa duniani." Tulikutana tena kliniki wakati wa kungoja mionzi. Bega lake lilikuwa limeganda. Kwa kuwa kila alipousogeza mkono uliuma, aliacha kuusogeza, na bega lisilosogezwa baada ya upasuaji hukaza. Alikuwa hawezi kujifunga ushungi, mjukuu ndiye aliyemfunga. Na ili mionzi ifike inapotakiwa, mgonjwa huinua mkono juu ya kichwa na kutulia hivyo. Yeye hakuweza, ikabidi arudishwe kwanza kwenye mazoezi. Dawa ya maumivu ilikuwa na kazi: kumwezesha kuuinua ule mkono. Aliinyima kazi yake kwa nia njema kabisa, nia aliyofundishwa na watu kama sisi.

Wapo wanaosema kwamba maumivu yote yana ujumbe, na kwamba mwenye hekima husikiliza. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na mtu aliyeyathibitisha kwa kazi ya maisha yake ni Dkt. Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India na wazazi wamisionari, akaanza kufanya kazi Vellore, huko huko India, mwaka 1946, na baadaye akawahudumia wagonjwa wa ukoma. Utotoni kwetu Pangani alikuwapo mzee mwenye ukoma, na watu wazima walituambia kwamba ugonjwa unamla vidole. Brand aliwafuatilia wagonjwa wake kwa miaka na kuonyesha kwamba nyama haikuwa ikiliwa na ukoma. Ukoma ulikuwa ukiua mishipa ya fahamu. Mgonjwa akishika sufuria ya moto hajui, akikanyaga msumari hajui, kidonda kinaingia uchafu, na vidonda hivyo ndivyo vilivyoondoka na vidole. Akafikia kumshukuru Mungu waziwazi kwa kuyaumba maumivu. Ninapoitazama ngozi yangu iliyotobolewa na pini, namwelewa mtu huyu kuliko ninavyowaelewa wengi wa dini yangu walionitembelea.

Hata hivyo si maumivu yote yanayoonya. Mshipa uliokatwa unaweza kuanza kupeleka habari wenyewe, bila moto, bila mwiba, bila jeraha jipya. Unaweza kukesha unawaka na hakuna kinachoungua. Kumwambia mtu wa namna hiyo atafute Mungu anamwambia nini kupitia maumivu yake ni kumtwika mzigo juu ya mzigo, kwa sababu atatafuta na kutafuta, na atakachokipata ni makosa yake ya zamani, ayapange foleni na kujiuliza lipi ndilo. Maumivu haya ni ugonjwa wa mshipa wa fahamu, na yana dawa zake, ambazo si lazima ziwe zile za kawaida tulizozoea kununua dukani. Mimi niliandikiwa amitriptilini kwa kipimo kidogo cha kumeza usiku. Dawa hii kwa asili ni ya sonona, lakini kwa kipimo kidogo hutuliza mishipa ya namna hii. Wengine hupewa gabapentini. Haikuyaondoa maumivu yote. Iliyapunguza kiasi cha kulala, na aliyelala huamka na nguvu ya kuswali Alfajiri.

Je, kafara imekwenda wapi? Ipo. Sijafuta hata herufi moja ya niliyofundishwa. Yakinijia maumivu ambayo dawa haikuyaweza, namwambia Mola wangu, haya ni Yako, yafanye kafara. Ila hatukuambiwa tuyafuge. Mtu akichomwa na mwiba njiani anautoa na anaendelea na safari, na sijapata kusikia fundisho lolote linalomtaka auache mguuni. Ahadi ile ilikuja kumfariji aliyepatwa, isije ikageuzwa bei ya kununulia msamaha.

Lakini hapo nimejibu nusu. Ya mwiba unaouma nimeyaona. Bado ule usiouma.

Nilimpelekea swali langu Bi Maalim, aliyenisomesha juzuu yangu ya kwanza, sasa ni bibi kizee anayesoma kwa miwani minene. Nilimwamkia, nikakaa mkekani, nikamsimulia ya pini na doa la damu. Nikamuuliza, "Bi Maalim, sindano isiyoniuma ina hesabu gani?" Akanyamaza kidogo, akauliza, "Ulipoiona damu ulifanya nini?" Nikamwambia niliiosha, nikapaka dawa, nikabandika plasta, na nikaanza kutumia mto wa pini wa kuvaa mkononi. Akasema, "Basi hesabu yako ndiyo hiyo. Ile nyingine mwachie Mwenyewe, wala usimshikie daftari Lake." Kisha akataka nimtungie uzi sindano yake, akaendelea na kofia aliyokuwa akiishona.

Jibu lake limenikaa, na kadiri ninavyoishi na mwili huu ndivyo ninavyouona upana wake. Fikirieni josho. Sharti la josho ni maji yaenee mwili mzima. Mtu mwenye hisia kamili hujua maji yamefika kwa kuyahisi. Hafikirii hata kidogo. Mimi upande wa kulia nayahisi yakishuka, ya baridi, mpaka kiunoni. Upande wa kushoto maji yanakatika kwenye mstari wa kovu, yanapotea, halafu yanatokea tena chini ya mbavu. Hapo katikati nalazimika kutazama kwa macho na kupitisha kiganja cha mkono wa kulia, taratibu, mpaka nijue pamelowa. Wajibu wa kupaosha haukupungua kwa sababu hapahisi. Kinyume chake, ngozi isiyohisi ndiyo inayopata maji kwa kukusudiwa, ilhali ile nzima inayapata kwa mazoea.

Na tumefundishwa kwamba Siku ya Hukumu viungo vitatoa ushahidi. Mikono na miguu vinatajwa, na katika Surat Fussilat ngozi nazo zimetajwa, kwamba zitasema dhidi ya wenyewe, na wenyewe watazishangaa. Zamani nilipoisomesha sura hiyo niliwaza ngozi ya mwizi na ya mzinifu. Sasa naiwaza hii yangu. Inaishi kifuani mwangu bila kuniambia kitu. Haisemi imeungua, haisemi imekatwa, haisemi imelowa wala imekauka. Itakaposema, itasema nilivyoitunza wakati haina njia ya kunidai. Mkono unaouma una njia: utakutoa machozi mpaka uutazame. Kiungo kilichokufa ganzi hakina wakili isipokuwa ujuzi wako na hofu yako ya Mungu. Hapa ndipo nilipolipata jibu la swali langu. Katika mwiba unaouma, nimepewa kafara. Katika mwiba usiouma, nimepewa amana. Na amana ni jambo zito zaidi, kwa sababu kafara hushuka juu yangu hata nikiwa nimelala, ila amana hainitimilii bila ya mimi kuamka na kuitimiza.

Utunzaji wenyewe ni mambo ya kila siku. Pasi ya mkaa siishiki tena kwa mkono wa kushoto, wala sipitishi mkono huo juu ya sufuria inayochemka, kwa kuwa ngozi ya ndani ya mkono inaweza kuungua na mimi naendelea kuongea. Maji ya kuoga nayapima kwa mkono wa kulia. Jioni, kwenye kioo, naitazama ngozi yote ya upande ule kama kuna mkwaruzo, wekundu au mahali pamevimba, maana tezi za kwapani zikishaondolewa maji ya mwili hayana njia yake ya zamani, na jeraha dogo likiingia uchafu linaweza kuuvimbisha mkono mzima. Kwa hiyo najipima. Futi ile ile ninayowapimia wateja nauzungushia mkono wangu, juu ya kifundo, katikati ya kigasha, juu ya kiwiko, na kuandika kwenye daftari la vipimo, chini ya majina ya wateja. Na kwenye ukuta wa chumba cha kushonea nina mistari ya chaki ya fundi. Nasimama mbele ya ukuta, vidole vinapanda kidogo kidogo mpaka bega linapokataa, napumua, nasubiri, navisogeza tena kidogo, na hapo napiga mstari. Mstari wa chini kabisa uko usawa wa kifua. Nilipoupiga nilikuwa siwezi kuinua mikono kwa takbira. Nilikuwa naleta takbira kwa mkono mmoja, mwingine umelala mapajani. Mistari iliyofuata imepanda kupita bega langu, kupita sikio, mpaka pale ninapofikia sasa, juu ya kitambaa changu cha kichwa. Hii nayo ni subira, na ndiyo ninayowafundisha kina mama siku hizi: mkono ulioinuliwa leo kidogo zaidi ya jana, ukiuma, lakini dawa imemezwa kwanza.

Kuna ganzi nyingine niitaje, kwa kuwa wagonjwa wengi huionea aibu. Miezi ya dawa za kemo na mionzi ilinipitia nikiwa sihisi chochote katika ibada. Ulimi ulisoma, paji la uso liligusa mswala, na moyo ulikuwa mkavu. Sikuwa na hasira na Mungu, sikuwa na shaka Naye. Sikuwa na kitu tu. Nilikuwa nikisikia wenzangu wanavyosimulia jinsi walivyomhisi Mola wao karibu sana katika ugonjwa, nikajiona nimetengwa. Ngozi yangu ndiyo iliyonitoa hapo. Nimejua kwa yakini kwamba maji yapo kifuani mwangu wakati siyahisi, nayaona kwa macho yanashuka. Basi kutohisi kwangu si ushahidi wa kutokuwepo kwa kitu. Hisia ni neema; ikija nashukuru, na isipokuja swala yangu bado ni swala, na ninayemswalia bado yupo. Siku hizi ukavu ule hunijia mara moja moja. Ninauchukulia kama ninavyoichukulia ngozi: napitisha kiganja taratibu, natimiza wajibu, sijilaumu.

Baada ya yote haya nina maneno ya kuwaambia watu watatu.

Wewe dada uliyekatwa, au unayekwenda kukatwa, mwambie daktari ukweli. Sema panauma wapi, saa ngapi, namna gani. Panawaka au panavuta. Sema wapi hapahisi. Usingoje aulize, maana foleni ni ndefu na huenda asiulize. Uliza kuhusu mazoezi ya bega kabla hujaruhusiwa kurudi nyumbani. Tazama kifua chako kwenye kioo hata kama kinakuumiza roho, kwa sababu hakuna mwingine atakayekitazama kwa niaba yako kila siku.

Ninyi ndugu na majirani mnaokuja na machungwa, tunawashukuru, msiache kuja. Mkimsikia mgonjwa anasema panauma, mwulizeni amemeza dawa saa ngapi. Mwulizeni kama kuna nguo za kufua, sufuria za kuinua, maji ya kuteka. Maneno ya thawabu anayajua. Pengine ni yeye aliyewafundisha.

Na ninyi masheikh, maalim, wachungaji na makatekista, kwa kuwa najua makanisani nako wapo kina mama wanaovificha vidonge chini ya mto, tafadhalini lisemeni jambo hili mimbarini, kwa sauti, ili lifike vitandani: dawa ya maumivu imeandikwa na daktari ili imezwe, na mwanamke anayeimeza hajapungukiwa chochote katika imani yake.